Muulize Anko: Kuongeza dau kwenye siries za besiboli

SWALI: Shikamoo Anko. Mi ni kijana wa hapa Mwanjelwa, Mbeya, nauza kava na chaja za simu. Kuna jamaa kanifundisha mfumo wa kubeti besiboli ya Marekani, kwamba kule timu mbili zinakutana mechi tatu siku tatu mfululizo, sa unachagua timu nzuri unaiwekea mechi ya kwanza, ikipigwa unaongeza dau mechi ya pili urudishe hela yako pamoja na faida, ikipigwa tena unaongeza ya tatu, na timu nzuri haiwezi kupigwa zote tatu. Natafuta faida ya 2,000 tu kila siries, odi zangu huwa 1.80 hivi. Mpaka sasa nina siries 14 hazijachanika hata moja. Nataka niuze friji ya dukani niongeze mtaji, badala ya 2,000 niwe natafuta 20,000. Unanishauri nini?

ANKO: Marahaba mwanangu. Friji iache ilipo kwanza, maana hesabu umeianza vizuri ila hujaipiga mpaka mwisho.

Odi 1.80 maana yake ukiweka 1,000 faida ni 800. Kwa hiyo ukitaka 2,000 mechi ya kwanza unaweka 2,500. Ikichanika, mechi ya pili unadai ile 2,500 yako na 2,000 ya faida, dau linakuwa 5,625. Ikichanika tena, la tatu ni 12,656. Hapo jumla imetoka 20,781 mfukoni na yote hiyo inahangaikia 2,000. Sa kuhatarisha 20,781 ili upate 2,000 ni mkeka (tiketi ya kubeti) wa odi 1.10, tena haifiki vizuri hiyo 1.10. Mtu angekuja dukani kwako akakwambia weka elfu ishirini na kitu kwenye odi 1.10 ungemcheka mpaka majirani wageuke, lakini akikugawia vipande vitatu kwa siku tatu unaona ni mfumo.

Haya, na hiyo odi yenyewe. Chukua mechi ambayo timu moja ina 1.80 na nyingine ina 2.00. Gawanya 1 kwa 1.80 unapata asilimia 55.6, gawanya 1 kwa 2.00 unapata asilimia 50, jumlisha, ni 105.6. Na besiboli ya Marekani haina sare, wakilingana wanaendelea tu mpaka mmoja ashinde, sa hiyo 5.6 iliyozidi mia ni ya nani? Ya kampuni ya kubeti. Hiyo ni lumbesa. Mkulima wa viazi Uyole au Njombe anaijua vizuri, gunia limeshajaa na mnunuzi bado anaongezea kichwa juu, na wewe unalipwa gunia moja. Sa mfumo wako ni kama mkulima aliyepunjwa kwenye gunia la kwanza akasema basi la pili nalifunga kubwa zaidi nirudishe hasara, na la tatu kubwa kuliko yote. Analofanya ni kumpa mnunuzi lumbesa kubwa zaidi.

Ukiitoa hiyo lumbesa, timu yako ya 1.80 ina nafasi ya kweli ya asilimia 53 hivi kushinda mechi, sio 56. Nafasi ya kupigwa zote tatu ni 0.47 mara 0.47 mara 0.47, unapata asilimia 10 na kidogo, yaani kwenye kila siries kumi tegemea moja ikuchanie mkeka wote. Ukizidisha faida na hasara kwa nafasi zake, unapoteza wastani wa shilingi 365 kwa kila siries unayocheza, siries 100 ni 36,500. Na kitu ambacho jamaa yako hakukwambia, au hajui, ni kwamba hiyo 365 ni asilimia 4.6 ya hela yote unayoiweka kwa wastani kwenye siries moja. Ungeweka dau lilelile kila mechi bila kuongeza chochote ungepoteza asilimia 4.6 hiyohiyo. Kupanga dau hakubadilishi hiyo asilimia hata kwa nukta, kunabadilisha tu namna hasara inavyokufikia, badala ya kuliwa kidogokidogo kila wiki unakula vidogovidogo wiki nyingi af siku moja unaliwa kwa mkupuo.

Sasa siries 14 safi. Nafasi ya kufikisha 14 bila kuchanika, kwa namba hizihizi, ni asilimia 21 hivi. Kwa hiyo tukiwachukua vijana 100 wa Mwanjelwa tukawapa mfumo wako, 21 wako hapo ulipo wewe sasa hivi, wana 28,000 ya faida na wanatafuta pa kuuza friji. Wale 79 walishachanika na wamenyamaza, ndo maana kwenye vikundi vya Telegramu unakutana na wale 21 tu, tena wengine wanauza mafunzo.

Ukihama kwenye 2,000 kwenda 20,000 zidisha kila kitu kwa kumi: siries moja ikigoma umepoteza 207,810 ndani ya siku tatu. Sijui friji yako ni ya bei gani ila nadhani inaelekea humo humo.

Na usisahau serikali inakata kodi kwenye ushindi wa kubeti, kiwango kimekuwa kikibadilika kwenye bajeti kwa hiyo angalia cha sasa, lakini tuseme kwa mfano tu ni asilimia 10 ya faida. Hapo odi yako ya 1.80 kwako wewe inakuwa 1.72, na ile asilimia 4.6 ya hasara inapanda karibu mara mbili, inakaribia 9. Madau nayo yanapanda kwa kasi zaidi maana faida ya kurudishia hasara imepungua. Watu wengi wanaopiga hesabu za hii mifumo kwenye daftari wanaisahau kodi kabisa, af wanashangaa mbona imeshinda na bado haijarudi yote.

SWALI: Anko mambo, mi nipo chuo hapa Iringa, Kihesa. Timu kubwa ikipigwa mechi mbili za kwanza si ya tatu lazima wakaze? Na ikipigwa zote tatu si unaendelea tu na mechi inayofuata mpaka ishinde, maana hakuna timu inapoteza milele?

ANKO: Poa. Milele hapana, ila mfuko wako nao haufiki huko milele.

Los Angeles Dodgers mwaka 2017 walikuwa na timu kali, walimaliza ligi na ushindi 104 kwenye mechi 162 na wakafika mpaka World Series, yaani fainali. Timu hiyohiyo, Septemba ya mwaka huohuo, ilipigwa mechi 11 mfululizo. Chukua mfumo wa odi 1.80 na faida ya 2,000, kila ukichanika dau linazidishwa kwa 2.25: la nne 28,000 na ushee, la tano 64,000, la sita 144,000, la saba 324,000, na la kumi na moja limepita milioni nane. Milioni nane za kitanzania unazipeleka kutafuta buku mbili, na siku hiyo ya kumi na moja walipigwa. La kumi na mbili ndo wangekurudishia, kama ungekuwa na milioni 18 na kampuni ikakubali dau la hivo, kampuni zina kikomo cha dau na cha malipo kimeandikwa kwenye vigezo na masharti ambavyo hakuna anayevisoma. Na hiyo ilikuwa timu nzuri. Chicago White Sox mwaka 2024 walipigwa 21 mfululizo na wakamaliza msimu na vipigo 121.

Besiboli haiko kama mpira wa miguu, kule Yanga au Simba anaweza akamaliza msimu amepoteza mechi mbili tatu. Kwenye besiboli timu inayoshinda asilimia 60 ni timu bora sana na bado inapigwa mara 60 na zaidi kwa msimu. Kwa hiyo lile neno la timu nzuri haiwezi kupigwa tatu ni fikra za mpira wa miguu tumezihamishia kwenye mchezo mwingine.

Kuhusu kukaza, sikiliza. Kwenye besiboli mtu mwenye uzito mkubwa kwenye mechi ni yule mrushaji anayeanza, yaani anayewarushia wapigaji mpira tangu mwanzo wa mechi, na mkono wake hauhimili kurusha kila siku, anapumzika siku nne au tano. Timu ina warushaji wa kuanza kama watano wanazunguka kwa zamu. Maana yake Ijumaa anarusha mmoja, Jumamosi mwingine, Jumapili mwingine. Yule mkali wao uliyemwekea Ijumaa akapigwa harudi Jumapili kukulipia deni lako, Jumapili ni zamu ya mwingine kwenye foleni, na yawezekana upande wa pili ndo wana mkali wao siku hiyo, af kocha anawapumzisha na wachezaji wawili watatu wakubwa maana wamecheza kila siku. Kwa hiyo unaweka dau kubwa kuliko yote kwenye mechi ambayo hukuichagua wewe, imechaguliwa na ratiba. Hiyo inaniudhi kuliko hata hesabu yenyewe, mtu kaichambua vizuri mechi ya kwanza kwa dau la 2,500, ya tatu kaweka 12,656 bila hata kuangalia nani anarusha.

Na boom la chuo sio mtaji, mdogo wangu.

SWALI: Anko habari, mi ni mama wa watoto wawili, Makambako. Mume wangu siku hizi anaamka saa nane usiku anasema anaangalia besiboli, na baridi yote hii. Kuna ukweli? Maana mwezi uliopita hela ya mbolea nayo sikuielewa.

ANKO: Nzuri dada yangu. Kuhusu saa, hajakudanganya. Mechi ya saa moja jioni New York kwetu ni saa nane usiku, na ya Los Angeles saa moja jioni kwao kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Ila Jumapili nyingi zinachezwa mchana kwao, kwetu inakuwa kama saa mbili mpaka saa tano usiku, kwa hiyo Jumapili mara nyingi hana sababu ya kuamka usiku wa manane.

Ya mbolea ndo nzito. Mtu anayeongeza dau kila akipigwa anahitaji hela nyingi zaidi siku ambayo amebakiwa na kidogo zaidi, mfumo wenyewe umejengwa hivo. Dau la kwanza linatoka kwenye hela yake ya mfukoni, la pili kwenye ya matumizi, la tatu linatoka popote palipo karibu, kikoba, hela ya mbolea, mikopo ya kwenye simu, kausha damu. Usimuulize anabeti au habeti, muulize anaongeza dau akipigwa? Kama jibu ni ndiyo, hela ya shamba itunze wewe, au nunueni mbolea mapema ikae ndani ikiwa mifuko. Na kamuombe akuonyeshe meseji za miamala kwenye simu, mkae mzisome pamoja mchana, sio usiku mkiwa na hasira. Kampuni zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha anaweza kuziomba zimfungie akaunti.

SWALI: Anko, mi wa Mafinga, mambo ya mbao. Besiboli naipenda kweli na nitaendelea kuweka kidogo. Kuna mfumo wowote wa dau wenye akili? Nimesikia Fibonacci na d'Alembert ni salama.

ANKO: Kwa walioko nje ya hii habari, Fibonacci unaongeza dau kwa 1, 1, 2, 3, 5, 8 kila ukipigwa na ukishinda unarudi nyuma hatua mbili, d'Alembert unaongeza moja ukipigwa unapunguza moja ukishinda. Zinapanda taratibu kuliko kudabo, kwa hiyo unafilisika taratibu zaidi. Usalama wake unaishia hapo.

Wenye akili upo, ila unaenda kinyume kabisa na hiyo. Mwaka 1956 John Kelly, mtaalamu wa maabara za Bell kule Marekani, aliandika kanuni ambayo wabetiji wa kazi wanaitumia mpaka leo. Zidisha nafasi ya kweli ya timu yako kwa odi, toa 1, kisha gawanya kwa odi uliyoitoa 1. Jibu ndo sehemu ya mtaji wa kuweka. Timu ya asilimia 53 kwenye odi 1.80 inakupa jibu chini ya sifuri, maana yake usiweke, hakuna cha kupanga hapo. Ukiamini kwa sababu za msingi kwamba ni asilimia 58, jibu ni 0.055, yaani 5,500 kwa mtaji wa 100,000, na waangalifu wanaweka nusu au robo ya hapo kwa sababu huwa tunajidanganya kuhusu hizo asilimia. Mtaji ukishuka dau linashuka nao.

Na kama kampuni yako ina soko la nani atashinda siries nzima, litazame. Timu yenye asilimia 53 kila mechi inashinda siries ya mechi tatu kwa asilimia 54 na nusu hivi, kwa hiyo odi ya haki ni 1.83 au 1.84. Wakikupa chini ya hapo acha, wakikupa juu ya hapo weka dau lako moja af lala, matokeo utayakuta Jumatatu asubuhi.