Vijana wanajaa maktabani, vitabu haviazimwi

Ndugu, umesema vijana hujaza viti msimu wa mitihani lakini vitabu vya hadithi vinakaa na vumbi tu. Anza na rafu, si na vijana. Ondoa vilivyochanika na vilivyopitwa na wakati. Rafu iliyosongamana humchosha mtu kabla hajachagua. Kisha panga vitabu 20 hadi 30 karibu na mlango, jalada likitazama mbele, na uvibadilishe kila wiki mbili. Kitabu kinachoonyesha mgongo peke yake hakimwiti mtu.

Faini nayo hufukuza wengi: kijana akichelewesha kitabu huogopa deni, basi harudi tena, na kitabu hakirudi. Ifute. Mzuie tu kuazima kingine mpaka arudishe.

Klabu ya usomaji iwe ya watu 8 hadi 12, saa moja, siku ileile kila wiki. Nakala zikiwa chache, someni hadithi fupi kwa sauti papo hapo. Wachague wenyewe, hata vitabu vya katuni (ndiyo, huko nako ni kusoma). Ila usiwape maswali ya ufahamu baadaye: klabu itageuka darasa, na wiki ya tatu utabaki na viti vyako.