Gigabaiti 20 ambazo hazikufika 20

Saa saba usiku, hifadhidata ya watu imesimama kwa sababu diski imejaa. Nimeshaongeza diski mpya ya GiB 20 (GiB ni gigabaiti inayohesabiwa kwa 1024) na kuiingiza kwenye LVM, mfumo wa Linux wa kugawa na kuunganisha diski. Nikaandika vgs, amri ya kuonyesha nafasi ya LVM, na safu ya VFree, yaani nafasi iliyobaki, ikasoma 20.00g. Nikaandika lvcreate -L 20G ili nitenge GiB 20 hizo, ikakataa: nafasi haitoshi, ekstenti zilizopo ni 5119, zinazotakiwa ni 5120.

Nusu saa nzima nilikuwa nahangaika na diski nikidhani ni mbovu, kumbe ni nzima kabisa. LVM hugawa diski katika vipande vya MiB 4, ndizo hizo ekstenti, na GiB 20 ni vipande 5120 kamili. Lakini sehemu ya mwanzo wa diski LVM huitenga kwa taarifa zake yenyewe, kwa hiyo kipande kimoja hakitimii. Kilichobaki ni GiB 19.996, na ukikiandika kwa desimali mbili unapata 20.00. Namba ilikuwa imepandishwa, na hapakuwa na chochote cha kunionyesha hivyo.

Matoleo ya baadaye ya LVM huandika <20.00g. Alama hiyo inakwambia kiasi halisi ni pungufu kidogo ya unachokiona. Naithamini mno, na nakusihi usiifiche kwa --units h eti inachafua skrini. Ukitaka kutumia nafasi yote, kwenye lvcreate andika -l 100%FREE, uachane na kutaja gigabaiti.

Ila ndani ya skripti alama hiyo ni mtego. Awk, programu ya kuchakata maandishi, ukiitaka ifanye hesabu na <20.00g, inaichukulia kuwa 0. Skripti zangu zote sasa zinaomba baiti:

vgs --noheadings --nosuffix --units b -o vg_free

Kwa df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski kwa namba fupi za kusomeka, kuwa mwangalifu zaidi, maana yenyewe hupandisha kila mara na haiweki alama yoyote. Patisheni iliyotumia GiB 10.1 utaiona 11G. du -h (ukubwa wa folda) na ls -lh (ukubwa wa faili) nazo ni hivyo hivyo. Nikiwa natazama tu hali ya seva, -h inanitosha. Nikitaka kuhamisha data au kupunguza patisheni, natumia df -B1 nikasoma baiti zenyewe. (Na diski ya TB 1 uliyonunua dukani ikionekana 931.5G kwenye lsblk, amri ya kuorodhesha diski, hujaibiwa. Dukani wanahesabu kwa 1000, lsblk inahesabu kwa 1024.)

Kama unaandika programu yako mwenyewe, nafasi iliyobaki ishushe, iliyotumika ipandishe, ili mtu akikosea akosee upande wa usalama. Zile baiti zangu za usiku ule, 21470642176, ukizipa amri ya kufupisha namba, numfmt --to=iec-i --suffix=B, inaandika 20GiB. Ongeza --round=down, inaandika 19GiB.