Maswali ya Wasomaji: Nani Apange Vitufe vya Kitotoleshi?

SWALI: Ndugu mshauri, ninatengeneza vitotoleshi vya nyumbani vya mayai 60 katika karakana yangu Kizota, jijini Dodoma. Wateja wangu wengi ni wafugaji wa kuku wa kienyeji wa Kondoa, Manyoni na Singida. Joto limetulia na mayai yanaanguliwa vizuri, lakini simu za malalamiko hazikomi: huyu amebadilisha kipimo cha joto bila kujua, yule ameona maandishi "P3" kwenye kioo akazima mashine kwa hofu. Sasa nimepata fedha za kuagiza kalibu ya kasha jipya la plastiki, na ninataka kuajiri mbunifu wa mwingiliano, yaani mtu wa kupanga kile ambacho mtumiaji atabonyeza, atakiona na atakisikia. Walioomba kazi wote wameniletea picha za kuvutia za programu za simu. Nitamjuaje anayefaa, na je, aanze kabla au baada ya kasha kukamilika?
— Mtengenezaji, Kizota

JIBU: Ndugu yangu, mbunifu atangulie, kalibu ifuate. Programu ya simu yenye kasoro hurekebishwa kwa toleo jipya, lakini tundu la kitufe lililowekwa mahali pasipofaa hubaki hapo kwa maisha yote ya mashine, na kuchonga kalibu upya ni gharama ambayo karakana ndogo haiwezi kuibeba mara mbili. Idadi ya vitufe, ukubwa wa kioo, mahali pa taa na aina ya mlio ndiyo kazi yake hasa. Ukimwita hayo yakiwa yameshaamuliwa, utakuwa umemlipa akupambie kioo tu. Hata mpangilio wa tarakimu kwenye simu za vitufe, wenye 1, 2 na 3 juu, haukuchaguliwa kwa kukisia. Watafiti wa maabara za Bell, nchini Marekani, waliwapa watu mipangilio mingi tofauti waijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 1960, na ndipo simu hizo zilipoanza kuwafikia wateja mwaka 1963.

Kuhusu kumtambua anayefaa, weka picha kando usikilize maswali anayokuuliza. Mashine yako hukaa kwenye joto la takribani nyuzi 37.5 kwa siku 21, na mfugaji hana sababu yoyote ya kuligusa joto hilo. Kwa hiyo mwombaji makini atakuuliza kwa nini kitufe cha kulibadilisha kiko mbele, mahali ambapo mtoto wa nyumbani anaweza kukifikia. Ataona pia kwamba siku ya 18, mayai yanapopaswa kuacha kugeuzwa na unyevu kuongezwa, mashine inaijua siku hiyo vizuri kuliko mwenye nayo, hivyo inapaswa kutamka jambo hilo kwa Kiswahili kinachoeleweka badala ya kuonyesha herufi na namba zinazomtia mtu hofu. Atauliza umeme ukikatika kisha ukarudi, je, hesabu ya siku inaendelea au inaanza upya, na mfugaji atajuaje mayai yalikaa bila joto kwa muda gani? Na akikuuliza mashine hulala chumba gani, mpe alama ya ziada, maana katika nyumba nyingi kitotoleshi hukaa chumba kile kile wanacholala watu, na mlio wa saa nane usiku usiokuwa wa lazima utawafanya wachomoe waya.

Baada ya mazungumzo hayo, wape wawili waliobaki jaribio la kulipwa. (Jaribio la bure si ungwana, na mtu mwenye ujuzi hatalikubali.) Wape mashine ya sasa pamoja na nauli, waende Chamwino au Bahi wakakae na wafugaji wawili au watatu wasioijua mashine, wawaangalie wakiitumia bila kuwaelekeza. Wakirudi walete sampuli ya uso wa mashine iliyotengenezwa kwa boksi, yenye vitufe vya kubonyezeka kweli, pamoja na maelezo ya yale waliyoyaondoa na sababu zake. Mimi ningemchagua aliyepunguza vitufe kuliko aliyeongeza skrini ya rangi. Fundi wako wa saketi awepo siku hiyo, kwa kuwa hao wawili watabishana sana kuhusu bei ya kioo na uwezo wa chipu, na ni vema ukaona mapema kama wanaweza kubishana bila kununiana.

Ajira ya kudumu huihitaji kwa sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, nao unatosha, mradi uandikwe wazi kwamba michoro na maneno ya kwenye kioo ni mali ya karakana. Usikubali mkataba wa majuma mawili: utotoleshaji mmoja huchukua majuma matatu, na kasoro kubwa hujitokeza siku za mwisho. Acha sehemu ya malipo hadi mashine ya majaribio imalize mzunguko mzima nyumbani kwa mfugaji, mbunifu akiwa amekwenda kuitazama.

SWALI: Nimehitimu masomo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma na nimebuni kurasa za simu pekee. Ninaweza kuomba kazi ya namna hiyo?
— Mhitimu, Ng'ong'ona

JIBU: Unaweza, lakini usiende na kurasa hizo peke yake. Chukua kifaa kilichoko mtaani kwako, kwa mfano mita ya Luku, uwaangalie majirani wakiingiza tarakimu 20 za umeme: wanapotea kwenye tarakimu ya ngapi, wanajuaje kwamba wamekosea, na mzee asiyeona vizuri humwita nani amsaidie. Kisha tengeneza kibodi yako mbadala kwa boksi na vitufe vya bei nafuu, uwape watu wale wale waijaribu, na uandike yaliyotokea, hata kama yako imeshindwa. Kazi hiyo moja, ikiwa na picha za vidole vya watu halisi, nenda nayo kwenye usaili.