Baba mkwe anataka maji moto, mtoto anataka Ngozi: Shangazi anajibu

SWALI: Shikamoo shangazi. Likizo ya mwezi wa sita tunamrudisha baba mkwe nyumbani Kyela, alikuja kwetu kutibiwa. Ana sukari na magoti yanamsumbua. Tuna watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita, mdogo ana miaka miwili. Kila mara safari hii tunaikimbiza kwa siku moja na tunafika tumenuniana. Safari hii mume wangu amekubali tulale Mbeya. Baba mkwe anaomba tupite Songwe akaloweke miguu kwenye maji moto. Mtoto mkubwa anataka Ziwa Ngozi. Tutaweza vyote?
*Mama Watatu, Mafinga*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, msifanye vyote. Mimi nakaa Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ya mjini, na kila likizo naona familia zinashuka kwenye magari watoto wanalia na wazee wamevimba miguu, kwa sababu mtu alitaka kumaliza vivutio vyote kabla jua halijazama. Ninyi mnataka kupumzika. Chagueni Songwe, Ngozi iacheni. Kufika ukingo wa lile ziwa ni kupanda mlima msituni kwa miguu, njia ina utelezi, na mzee wa magoti mabovu atabaki chini peke yake kwenye gari. Huyo mkubwa mwahidini mwaka mwingine aende na baba yake.

Laleni Mbeya, kisha mtoke mapema asubuhi. Songwe iko upande wa magharibi, njia ya Tunduma, kwa hiyo mnaliacha kwanza jiji nyuma yenu, halafu mnarudi Uyole ndipo mshike njia ya Tukuyu. Mumeo awe na subira kwenye mteremko wa Iwambi kabla ya Mbalizi. Malori yanashuka pale na mizigo mizito, wala si mahali pa kuyapita. Mkivuka Mbalizi, ulizeni maji moto ya upande wa kiwanda cha saruji na uwanja wa ndege. Semeni hivyo hivyo, maana Songwe ni nyingi: upo mto Songwe huu unaokwenda Ziwa Rukwa, na upo mwingine wa mpakani na Malawi unaoingia Ziwa Nyasa. Pitieni kwanza kwa viongozi wa kijiji, mlipe kinachotakiwa na mpewe mwenyeji wa kuwaongoza.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu maji yenyewe. Yanapotokea ardhini hufikia karibu nyuzi 80, na hayo yanamenya ngozi. Huyo wa miaka miwili abebwe mgongoni muda wote, asiwekwe chini hata akililia. Wakubwa wakae mbali na macho ya chemchemi, kwa kuwa ukoko wa pembeni unaweza kuonekana mgumu kumbe chini ni uwazi. Fuateni mkondo kwenda chini mpaka pale maji yalipopoa, au mchote kwenye beseni (lichukueni kutoka nyumbani) myaache yapoe.

Baba mkwe ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Mtu wa sukari miguu yake mara nyingi imekufa ganzi. Anaweza kuungua asihisi, na kidonda chake hakiponi upesi. Asijipimie maji mwenyewe. Wewe ingiza kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Yakiwa ya uvuguvugu tu, aloweke dakika chache, umkaushe vizuri katikati ya vidole na kumkagua kama kuna mchubuko. Kama ana kidonda, hata kidogo, asiloweke kabisa. Joto litamlegeza magoti na atafurahi, lakini dawa zake aendelee nazo kama kawaida, na mwambie hivyo mumeo ndiye amweleze, kwa heshima ya mzee.

Mkitoka hapo msikimbilie Kyela. Mkishapita Uyole barabara inapanda, na ukungu ukishuka washeni taa. Kiwira nunueni viazi, Tukuyu mle ndizi na parachichi, watoto wanywe maziwa mgando. Mkiwa na saa moja ya ziada na mzee amechangamka, Daraja la Mungu liko karibu na Chuo cha Magereza Kiwira: jiwe limelala juu ya mto Kiwira, na mtoto mkubwa atasahau habari za Ngozi. Mzee akiwa amechoka, mwacheni alale, mwende zenu.

SWALI: Shangazi, Mbeya kuna baridi hivi, moto wa maji hayo unatoka wapi? Na yale mawe meupe?
*Kijana wa Vwawa*

JIBU: Bonde la Ufa, mwanangu. Matawi yake matatu, la Rukwa, la Usangu na la Nyasa, yanakutana hapa kwetu, na ardhi imepasuka kwelikweli. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, yanapata joto huko chini, kisha yanapanda tena. Njiani yanayeyusha chokaa. Yakitoka nje hewa ya ukaa inayatoroka na chokaa inaganda, ndiyo mawe yale meupe. Joto hilo hilo ndilo serikali inalotafuta kwa ajili ya umeme kule Ngozi na Kiejo-Mbaka. Ila hiyo hewa ya ukaa ni nzito na haina rangi. Hutuama kwenye vishimo na mabondeni, hasa asubuhi tulivu. Rungwe ndege na wanyama wadogo hukutwa wamekufa sehemu kama hizo, kwa hiyo usiiname wala kulala shimoni, na watoto wasichezee humo.

SWALI: Sisi tunatoka Dar. Mwezi wa sita tubebe nini?
*Baba Salma, Temeke*

JIBU: Masweta, soksi na kofia za watoto, na blanketi moja la kwenye gari. Jiji la Mbeya liko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi huo ni kali. Kama mnateremka Kyela, chukueni na vyandarua. Kule ni joto na mbu wapo mwaka mzima.