Bully: jina la mpenzi lililogeuka kuwa la mwonevu

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu neno la Kiingereza bully, ambalo siku hizi hutumiwa hasa kwa mtoto anayewaonea wenzake shuleni.

Je, ni kweli kwamba zamani lilimaanisha mpenzi?

Ni kweli. Katika karne ya 16 Mwingereza aliweza kumwita hivyo mpenzi wake, awe mwanamume au mwanamke, na wataalamu wengi wanalihusisha neno hilo na boele la Kiholanzi cha kale, lenye maana ya mpenzi au ndugu. Baadaye likawa la kuitana marafiki. Katika tamthilia ya Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, mfumaji Bottom anaitwa "bully Bottom" na mwenzake, wala hapo hatukanwi. Na katika Henry V, askari Pistol anatangaza kwamba anampenda "bully" huyo, yaani mfalme, bila kutambua kwamba anayeongea naye usiku ule ni mfalme mwenyewe.

Sifa hiyo iligeukaje kuwa tusi?

Iligeuka polepole. Jina la kumsifu mwanamume shupavu lilianza kubandikwa mtu anayejitapa ushupavu, na kufikia mwisho wa karne ya 17 lilikuwa tayari la mgomvi mwenye makelele. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inaongeza kwamba mtu huyo kwa kawaida ana sura tu ya ujasiri. Francis Grose, aliyekusanya maneno ya mitaani katika kamusi yake ya mwaka 1785, anamtaja pia bully wa danguro, aliyelipwa ili kuwatisha wateja, na ambaye pengine alijifanya mume wa mmoja wa wanawake wa humo ili awatoze fedha wageni wasiojua mambo. Sisemi kwamba huyu ndiye chanzo cha mabadiliko, lakini kwake maana zote mbili zinakutana, kwa kuwa alijiita mwenzi wa mwanamke huku akiishi kwa vitisho.

Kwa nini basi Theodore Roosevelt aliuita urais "bully pulpit"?

Kwa sababu alikuwa akiusifu. Wamarekani wa karne ya 19 walilitumia neno hilo kwa kitu kizuri mno, na Roosevelt, aliyekuwa rais kuanzia 1901 hadi 1909, alimaanisha kwamba cheo chake ni mimbari bora ya kuzungumzia na taifa. Wanaoielewa kuwa mimbari ya kuonea watu wanamsingizia.

Na nyama ya kopo iitwayo bully beef, pamoja na buli letu la chai?

Nyama hiyo, iliyolisha askari wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, huelezwa kuwa ilipata jina lake kutoka bouilli la Kifaransa, yaani iliyochemshwa. Buli la chai halimo katika ukoo huo. Ni sauti tu zimefanana.