Breki zinazobana gari likipata joto

Safari hii nimeziweka pamoja barua tatu, kwa kuwa zote zinahusu breki za magari ya kujiundia, yaani yale ambayo mwenyewe au fundi wake hununua bodi na kuikalisha juu ya chesisi ya gari jingine. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu tatizo lake nimelikuta mara nyingi hapa Mombasa, na mara nyingi pia nimeona watu wakiligharimia wasivyostahili.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Mwaka jana nilinunua bagi, yaani kigari cha wazi, ya faibaglasi iliyojengwa juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle. Aliyeiunda aliondoa dramu za mbele akaweka diski. Asubuhi nikitoka nyumbani breki ni nzuri, lakini kabla sijafika Mtwapa kanyagio linapanda na kuwa gumu, gari linakuwa zito kana kwamba linavuta mzigo, na magurudumu yote mawili ya mbele yananuka kuungua. Nikiegesha kivulini kwa nusu saa, gari linaachia lenyewe. Gereji wameniambia ninunue kalipa mbili, pedi na mabomba ya mpira. Ninunue? – Msomaji, Nyali

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue kitu kwanza. Barua yako ina habari mbili ambazo, zikisomwa pamoja, karibu zinataja ugonjwa wenyewe: magurudumu yanabana yote mawili kwa wakati mmoja, na yanabana yakipata joto tu. Kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, hushikwa na kutu, hasa kwetu pwani ambako upepo wa chumvi hauachi chuma salama, lakini ni nadra sana kalipa ya kulia na ya kushoto zishikwe siku moja, tena ziachie pamoja baada ya nusu saa. Bomba la mpira lililovimba ndani nalo hubana gurudumu lake peke yake. Kinachoyashika magurudumu yote mawili lazima kiwe mahali ambapo mafuta yao yanatoka pamoja, yaani kwenye silinda kuu, ile pampu inayosukumwa na kanyagio.

Ndani ya silinda kuu mna kitundu kidogo, chembamba kuliko sindano ya kushonea, kinachounganisha mafuta yaliyo mbele ya pistoni na chupa ya mafuta ya breki. Unapoondoa mguu, pistoni hurudi nyuma hadi kikawa wazi. Kazi yake ni kupokea mafuta yanayotanuka, kwa kuwa breki zikitumika hupata moto, moto huo huyafikia mafuta, nayo yakitanuka hurudi kwenye chupa. Sasa ikiwa fimbo ya kanyagio inayosukuma pistoni imekaa ikiisukuma kidogo hata pale ambapo hukukanyaga, pistoni haifiki mwisho wa safari yake na kitundu kinabaki kimezibwa. Mafuta yakitanuka hayana pa kwenda. Yanazisukuma pedi, pedi zinasuguana na diski, joto linazidi, na joto likizidi mafuta nayo yanatanuka zaidi. Ndiyo maana kanyagio linapanda, na ndiyo maana kivuli cha nusu saa kinaonekana kama dawa.

Kwenye Beetle, nafasi kati ya fimbo na pistoni inatakiwa iwe milimita 1. Huwezi kuipima moja kwa moja, lakini unaweza kuipima kwenye kanyagio. Gari likiwa baridi, inama, weka kidole kimoja juu ya kanyagio la breki na ulisukume polepole sana. Kwa milimita 5 hadi 7 za mwanzo linapaswa kwenda bure, bila uzito wowote isipokuwa wa springi yake, kisha uhisi limegusa kitu. Ukihisi uzito tangu mguso wa kwanza, umeukuta ugonjwa.

Bagi hupatwa na hili kuliko Beetle nzima, na sababu yake iko kwenye asili ya magari haya. Tangu Bruce Meyers alipotengeneza Meyers Manx ya kwanza huko California mwaka 1964, desturi imekuwa kukata kipande cha chesisi ya Beetle, kiasi cha sentimita 36, ili bodi fupi ikae. Gari likifupishwa hivyo, dereva hubakiwa na nafasi ndogo ya kunyoosha miguu. Mtu mrefu akiona magoti yamemkaa kifuani, jambo la kwanza analofanya ni kulegeza kizuizi cha kanyagio kilichofungwa kwa bolti kwenye sakafu, akakisogeza mbele ili kanyagio liwe mbali naye kidogo. Anastarehe, lakini nafasi ya milimita 1 imekwisha. Lirudishe kanyagio mahali pake kwa kukirudisha kizuizi hicho nyuma, wala usifupishe fimbo kwa kukisia, kisha uipime tena ile safari ya bure. Miguu ikikosa nafasi, kinachosogezwa ni kiti.

Kabla ya hapo, lakini, hakikisha kwa ushahidi. Siku gari likibana tena, egesha mahali tambarare, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki na uliegemeze kwenye stendi za chuma. Mawe ni ya kuzuia magurudumu yasibingirike. Kulaza mwili chini ya gari lililowekwa juu ya matofali ni jambo ninaloliona kila wiki na sitalinyamazia. Jaribu kuzungusha gurudumu, utaona halizunguki. Shika spana, legeza nati ya bomba linalotoka kwenye silinda kuu kwenda mbele, nusu mzunguko tu, huku kitambaa kikisubiri chini yake. Mafuta yakichomoza na magurudumu yakaachia, kosa liko kwenye silinda kuu au kwenye fimbo yake. Yasipoachia, kaza nati hiyo na uende kwenye gurudumu, ufungue nipeli ya kutolea hewa: likiachia hapo, bomba la mpira limeziba ndani. Lisipoachia hata hapo, basi mafuta hayana hatia, na ndipo utakuwa na haki ya kuishuku kalipa. Vaa glavu na miwani, kwa kuwa mafuta hayo yatakuwa ya moto. Ukishamaliza, toa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki kabla ya kuendesha.

Liko jambo jingine la kuangaliwa kwa kuwa gari lako lilikuwa la dramu pande zote. Silinda kuu ya dramu huwa na vali inayobakiza shinikizo kidogo kwenye mabomba, ambalo springi nzito za viatu vya dramu hulimudu. Diski hazina springi ya kurudisha pedi, kwa hiyo shinikizo hilo dogo huziacha pedi zikisugua. Dalili yake hutofautiana na yako, kwa maana magurudumu hubana kidogo hata asubuhi gari likiwa baridi. Hata hivyo, ukiwa umelala chini hapo, hakikisha kwamba mkondo wa mbele hauna vali hiyo. Na kama silinda yako ni ile ya zamani yenye mkondo mmoja kwa magurudumu yote manne, huo ndio ununuzi ambao ningekusihi uufanye: weka silinda ya mikondo miwili, ili bomba moja likipasuka ubakiwe na breki za mbele au za nyuma.

Nasema haya yote kwa uchungu kidogo. Miaka mingi iliyopita nililetewa bagi kutoka Bamburi yenye dalili hizi hizi. Niliamini pua yangu, nikabadilisha kalipa zote mbili, na mwenyewe akanilipa. Kesho yake alirudi, gurudumu la mbele likichemka kiasi kwamba matone ya maji niliyolinyunyizia yalilia na kukauka hapo hapo. Nilimrudishia fedha za kazi, nikarekebisha kizuizi cha kanyagio kwa dakika 10, na gari halikurudi tena.

Pedi zako zitazame vilevile, kwa kuwa pedi iliyoungua mara kwa mara huwa na uso unaong'aa kama kioo na haishiki tena vizuri. Zikiwa hivyo zibadilishe pande zote mbili kwa pamoja. Ukiitoa kalipa usiiache ining'inie kwa bomba lake la mpira. Ifunge kwa waya kwenye ekseli. Sehemu zenye mipira zisafishe kwa spiriti, kamwe si kwa petroli, kwani mipira ya breki huvimba na kuharibika ikiguswa na petroli au oili ya injini.

SWALI: Fundi, mabomba ya chuma ya breki chini ya gari langu la kujiundia yameliwa na kutu. Ndugu yangu anayetengeneza mafriji amenipa shaba ya friji, ni laini na inapindika vizuri. Nati za Toyota nilizopata dukani zinaingia sawasawa kwenye silinda ya Volkswagen. Je, yatafaa? – Dada wa Likoni

JIBU: Hapana, dada yangu, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kufunga. Bomba la friji halikutengenezwa kwa shinikizo la breki. Shaba tupu ikitikiswa na gari siku baada ya siku huwa ngumu, kisha hupasuka, kwa kawaida pale penye mdomo. Omba bomba la breki la shaba iliyochanganywa na nikeli, lenye unene wa nje wa milimita 4.75. Hilo hupindika karibu kama shaba, hulihimili shinikizo, na chumvi ya pwani hailili kama inavyokula chuma.

Kuhusu nati, huo ni mtego unaowanasa hata mafundi wazoefu. Uzi wa nati za Toyota na wa Volkswagen unaweza kulingana kabisa, milimita 10 kwa hatua ya milimita 1, lakini midomo ya mabomba yake si aina moja. Mdomo wa kijapani hukunjwa mara mbili ukawa kama faneli, ilhali wa kijerumani huvimbishwa kama kitufe cha uyoga. Nati itaingia, itakaza, na bado bomba litavuja mguu ukizama. Peleka bomba la zamani kwa fundi mwenye mashine ya kutengeneza midomo, aone kwa macho aina ya mdomo uliokuwapo. Ukishafunga, mtu akanyage breki kwa nguvu kwa dakika nzima huku wewe ukipitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Wewe unayeshuka mteremko wa kivukoni kila siku, huku watu wa miguu wamejaa mbele yako, usiteremke hapo kabla ya kulijaribu gari kwenye uwanja mtupu.

SWALI: Nina kopo la mafuta ya breki ya DOT 4 lililofunguliwa tangu mwaka jana. Naweza kulitumia kutoa hewa? Na nianzie gurudumu gani? – Msomaji, Changamwe

JIBU: Limwage mahali salama, mbali na rangi ya gari, kwani mafuta hayo huibabua rangi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa haina uhaba wa unyevu. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na mafuta yakichemka hutoa mvuke, kanyagio likazama hadi sakafuni. Vitabu vingi husema ubadilishe kila baada ya miaka miwili. Mimi kwa magari ya pwani hubadilisha kila mwaka. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, usiichanganye na DOT 4 hata kidogo.

Kama gari lako lina chesisi ya Beetle yenye usukani wa kulia, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu: nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na umalizie mbele kulia. Mwenzako akanyage polepole na asiachie kabla hujaifunga nipeli. Chupa isikauke hata mara moja, kwa sababu ikikauka utaanza upya kutoka gurudumu la kwanza.