Kwa Mnaoanza Kazi ya Ulinzi wa Wakimbizi Nyarugusu

Wengi mnafika kambi hii ya wakimbizi, hapa Kasulu mkoani Kigoma, na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kichwani. Vizuri, lakini wiki ya kwanza hakuna mkimbizi atakayewauliza habari za mkataba. Mtaulizwa mgawo wa chakula wa mwezi huu ukoje, na "kesi yangu ya Marekani imefikia wapi?", yaani ombi la kuhamishiwa huko.

Hilo la pili ndilo linalowakwamisha wageni. Mbele yako amekaa mzee aliyetoka Kongo 1996, mwaka kambi ilipofunguliwa. Wajukuu zake wamezaliwa hapahapa. Huruma itakusukuma useme "tutaangalia." Usiseme. Kufika jioni neno hilo litakuwa limezunguka zoni zote za kambi na kugeuka "yule dada mpya kasema tunaondoka," na matapeli wanaouza nafasi hewa hawahitaji zaidi ya hapo. Mweleze kwamba si wewe unayeamua: UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inapendekeza majina, nchi inayopokea ndiyo inayokubali au kukataa, na hakuna hatua hata moja inayolipiwa. Akikasirika, akasirike. Kesho atarudi kwako kwa jambo lingine, kwa sababu hukumdanganya.

Mgawo nao msiuone ni kazi ya wenzenu wa chakula. Mwaka 2023 WFP, Shirika la Chakula Duniani, ilipolazimika kuushusha hadi nusu kwa kukosa fedha, njaa haikuishia kwenye sufuria. Mgawo ukipungua, ugomvi wa nyumbani unaongezeka, watoto wanaacha shule, na akina mama wanakwenda mbali zaidi kutafuta kuni na vibarua mashambani. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ndipo atoke eneo la kambi. Kwa hiyo mwanamke aliyebakwa porini ana hofu mbili: ya aliyemtendea, na ya kuulizwa alifuata nini huko. Ukianza na "ulikwenda kufanya nini?" umeshampoteza.

Anza na mwili wake. Ameumia wapi, na ni lini? Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Mpelekeni hospitali ya kambi akikubali; PF3, ile fomu ya polisi, na maelezo marefu vitafuata. Nimekuta vijana wazuri kabisa wakijaza fomu kwa utulivu huku mgonjwa anatetemeka kwenye benchi.

Halafu mkalimani. Warundi wengi waliokuja kuanzia 2015 wanaongea Kirundi, na kishawishi ni kumwita yeyote aliye karibu. Mara moja mama mmoja alisema maneno matatu tu, macho kayaelekeza kwenye pindo la kitenge chake, na mkalimani akatufasiria kwa dakika nzima. Tukasimamisha mazungumzo. Kumbe mkalimani alikuwa shemeji wa mtuhumiwa. Tangu hapo namtafuta mkalimani mwanamke kutoka zoni ya mbali, na kabla hajaketi namuuliza mteja kama anamtaka. Mtoto wa mteja asitumike kamwe, hata akijua lugha zote.

Viongozi wa zoni wasalimieni mapema, watawasaidia sana. Ila msiwafanye mlango pekee wa kuingilia, maana wapo watu ambao shida yao ni kiongozi mwenyewe.

Mtakutana pia na wanaojiandikisha kurudi Burundi. Safari hizo zimekuwapo tangu 2017. Mkataba wa Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi unasema mtu harudishwi bila hiari yake. Kwa kawaida anayeongea ni baba, na familia nzima inaandikwa kwa neno lake. Muombeni atoke nje kidogo, hata akinuna. Kisha mkae na mkewe na kumuuliza taratibu: ardhi mliyoiacha anailima nani sasa, nani atawapokea, na yeye mwenyewe anataka kwenda? Akijibu "baba watoto ndiye anayejua," msigonge muhuri siku hiyo.